Jalada Si Mali ya Karani

Wafiwa wa Dar es Salaam wakishaanua matanga, huanza msiba wa pili, nao ni wa karatasi. Kibali cha mazishi kimetoka hospitali, au kwa mtendaji wa kata kama marehemu alifia nyumbani. Hicho kinapelekwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ili kipatikane cheti cha kifo. Cheti cha kifo kinaambatanishwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo, shauri la mirathi linafunguliwa. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza mtu, msimamizi anateuliwa, na barua ya usimamizi anayopewa ndiyo inayosikilizwa benki, kwenye mfuko wa pensheni na ofisi ya ardhi.

Kwa maelezo hayo, njia imenyooka. Kwa mjane anayeipita kwa miguu kutoka Mbagala hadi katikati ya jiji, ni kitu kingine. Kwenye cheti cha ndoa ameandikwa Khadija, kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA ni Hadija, na benki marehemu mumewe alimwandikisha kwa jina la baba yake bila la babu. Herufi moja inamrudisha nyumbani. Anaambiwa akaape mbele ya wakili kwamba Khadija na Hadija ni mtu yule yule. Akirudi na kiapo, karani aliyemhudumia juzi hayupo, na aliyekaa kwenye kiti chake anataka nakala iliyothibitishwa ya cheti ambacho ofisi ya serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokitoa, mitaa michache kutoka hapo.

Kumbukumbu zote anazodaiwa mjane huyu zipo. Ndoa yake iliandikwa, kifo cha mumewe kimeandikwa, mashauri yanafunguliwa na kupewa namba. Serikali ya Tanzania huandika, tena imeandika kwa zaidi ya miaka mia. Tatizo la jiji hili lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 ni kwamba mwananchi anayetafuta kilichoandikwa juu yake, au kwa niaba yake, anapokelewa kama mtu aliyekuja kuomba hisani. Rekodi za vizazi na vifo, za mahakama na za polisi zinatunzwa kwa kodi yake na kwa ada anazolipa. Mlango wa kuzifikia unapaswa kuonekana, uwe na saa zake na masharti yake yaliyobandikwa, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Hayo ni madogo kuyasema, na kwenye ofisi nyingi bado hayapo.

Mizizi ya hali hii ni ya zamani. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, ambayo leo ni Sura ya 108, inatokana na sheria ya wakoloni wa Kiingereza ya mwaka 1920. Wakati huo lazima ya kuandikishwa iliwahusu Wazungu na Waasia, na Mwafrika aliachwa pembeni, kana kwamba kuzaliwa kwake na kufa kwake hakukuihusu serikali. Baada ya Uhuru wajibu huo ulipanuliwa hatua kwa hatua, wilaya baada ya wilaya. Ndiyo maana wazee wengi wa leo hawana cheti cha kuzaliwa, na ndiyo maana vijana wao nao walikua bila kukiona kuwa ni kitu cha maana hadi siku walipotakiwa kukipeleka shule au uhamiaji. Mazoea ya "utakitafuta utakapokihitaji" yamerithiwa kutoka kwa mfumo ambao haukuwahi kumtafuta mtu wa kawaida.

RITA yenyewe ilizinduliwa mwaka 2006 kuchukua kazi za ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu. Mtoto anatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na hospitali humpa mama tangazo la kizazi ili aende nalo kwa msajili. Karatasi hiyo ndiyo mwanzo wa kila kitu, nayo ni nyepesi. Inakunjwa, inawekwa kwenye kadi ya kliniki, inahamishwa na familia kutoka Tandika hadi Chanika, inanyeshewa na mvua. Miaka 14 baadaye mzazi anatakiwa kuthibitisha kwamba mwanawe alizaliwa, naye anaanza kuokoteza ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, kiapo cha mjomba.

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionesha kwamba ni asilimia 26 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa, na wenye cheti mkononi walikuwa asilimia 14. Ukizitazama takwimu hizo bila kujua mazingira, utasema Watanzania hawajali. Lakini kilichotokea Mbeya kinajibu lawama hiyo. Mwaka 2013 RITA, ikisaidiwa na UNICEF na wadau wengine, ilianzisha huko mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo. Usajili ukahamishwa kutoka makao makuu ya wilaya, ukapelekwa kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Mhudumu anajaza fomu, anaituma taarifa kwa simu ya mkononi kwenda kwenye hifadhidata, na mama anaondoka na cheti siku hiyo hiyo. Wazazi walijitokeza kwa wingi, na mpango ukasambazwa mkoa baada ya mkoa.

Hapakuwa na semina ya kuwafundisha akina mama wa Mbeya kupenda vyeti. Walisogezewa mlango. Hilo ni jambo la kushikilia kila kiongozi anaposimama kwenye jukwaa na kusema wananchi hawana mwamko.

Ukubwani, hesabu inageuka. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu anatakiwa kwanza cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, na kama ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe. Kwa aliyeandikishwa Zanzibar, uhakiki unafanywa na wakala wa huko. Nia ya uhakiki ni njema, maana vyeti vya kughushi vimewahi kuwapa mikopo wasiostahili na kuwanyima wanaostahili. Kazi hiyo sasa inafanyika kwa mtandao, na mtu aliye Kigamboni hahitaji tena kupanda pantoni kwa ajili ya mhuri. Hayo ni maendeleo na yanastahili kusemwa. Lakini mfumo wa mtandao unamtambua yule ambaye namba ya ingizo lake inasomeka na jina lake limeandikwa sawasawa. Yule ambaye cheti chake cha mwaka 1998 kiliandikwa kwa mkono wilayani, kwa wino uliofifia, atarudishwa kwenye kaunta, na kwenye kaunta ndiko anakokutana na kishoka.

Vishoka wanajulikana na kila mkazi wa Dar es Salaam. Wanasimama jirani na ofisi za umma, bahasha ya kaki kwapani, wakimsoma mtu kwa mwendo wake. Mmoja anakuuliza kwa upole, "Mzee, umekwama wapi?" Anajua fomu gani inatakiwa, dirisha lipi, karani yupi yupo zamu, na saa ngapi bosi anasaini. Maarifa hayo si siri ya dola. Yangeweza kubandikwa kwenye ubao mmoja mlangoni, kwa Kiswahili, na ada iandikwe kwa tarakimu. Pale ambapo ubao haupo, au upo na karatasi yake imechanika nusu, kishoka ndiye ubao. Kuna wakati vyombo vya dola huwasomba kwa karandinga, magazeti yakaandika, na wiki inayofuata wamerudi. Watarudi daima, kwa sababu wanauza bidhaa ambayo serikali ingeitoa bure ikiamua.

Na wengine hawauzi maelekezo peke yake. Wanauza vyeti. Mtu aliyezungushwa mwezi mzima, aliyekwisha kuomba ruhusa kazini mara kadhaa, anapoambiwa kuna njia ya mkato, analipa. Cheti anachopewa kina nembo na mhuri, lakini namba yake haipo kwenye daftari lolote. Anakuja kugundua siku ya uhakiki, na hapo anaitwa mhalifu. Sheria haiwezi kumwacha anayeghushi, lakini ni haki pia kuuliza ni nani aliyeufanya mlango halali uwe mgumu kuliko wa panya.

Mahakamani kuna habari njema zaidi, na pia kuna pengo kubwa zaidi.

Mahakama ya Tanzania ni ya wazi. Mtu yeyote anaweza kuingia Mahakama ya Kisutu, akaketi kwenye benchi la nyuma na kusikiliza kesi isiyomhusu, isipokuwa zile zinazosikilizwa faragha kwa sababu ya watoto au aina ya kosa. Uwazi huo una faida inayoonekana. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alipokamatwa Julai 2019 na kufikishwa Kisutu, shauri lake liliahirishwa mara kwa mara kwa maelezo kwamba upelelezi haujakamilika, hadi alipoachiwa Februari 2020 baada ya makubaliano na upande wa mashitaka. Kila ahirisho liliandikwa na magazeti kwa sababu waandishi walikuwa ndani ya chumba, wakisikia kwa masikio yao. Chumba kile kingefungwa, umma ungebaki na taarifa za upande mmoja na uvumi wa vijiweni.

Hatua kubwa zaidi ni TanzLII, tovuti ambayo Mahakama huitumia kuchapisha hukumu bila malipo. Zamani hukumu ya Mahakama ya Rufani ilikuwa inapatikana kwa mawakili wenye vitabu vya ripoti za sheria, na vitabu hivyo vilikuwa vinachelewa kwa miaka. Leo mwanafunzi wa kidato cha sita aliye Gongo la Mboto anaweza kufungua simu na kusoma mwenyewe jinsi Rebeca Gyumi alivyovipinga mahakamani vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na jinsi Mahakama ya Rufani ilivyoikataa rufaa ya serikali Oktoba 2019. Asome hoja za pande zote mbili, asisimuliwe na mtu. Anayefuatilia haki za wanawake kwenye ardhi ya ukoo anaweza kutafuta uamuzi wa Jaji Mwalusanya wa mwaka 1990, uliotolewa Mwanza, uliosema mila za Kihaya zilizomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi aliyorithi haziwezi kusimama mbele ya Katiba. Hukumu kama hizo zikiwa wazi, mwananchi anakwenda kwenye kikao cha ukoo akiwa na kitu cha kushika.

Bado kuna kizingiti cha lugha. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, na Mahakama imeleta mifumo ya kunukuu na kutafsiri inayoendeshwa kwa kompyuta. Hata hivyo, hukumu nyingi za Mahakama Kuu na ya Rufani zilizomo kwenye tovuti zimeandikwa kwa Kiingereza. Aliyefungwa miaka 30 anasoma sababu za kufungwa kwake kwa kusaidiwa na mfungwa mwenzake aliyesoma kidogo. Kazi ya kutafsiri ni kubwa na haiwezi kumalizika kwa mwaka mmoja, lakini hukumu zinazowagusa watu wengi, za ndoa, mirathi, ardhi na dhamana, zingetangulia.

Pengo kubwa liko chini. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili tangu zamani, na ndiko wanakokwenda Watanzania wengi: ugomvi wa mpaka wa kiwanja, matunzo ya mtoto, deni la kikoba, mirathi ya nyumba moja yenye vyumba sita na warithi kumi na mmoja. Huko hakimu ameandika kwa mkono kwa miaka yote, akisikiliza na kuandika kwa wakati mmoja, ukurasa baada ya ukurasa ndani ya jalada lenye kamba. Maamuzi hayo ni nadra kuyaona kwenye TanzLII. Kwa hiyo mahakama inayoamua maisha ya watu wengi zaidi ndiyo ambayo maandishi yake yanasomwa na watu wachache zaidi. Mjane wa Mbagala hawezi kujua hakimu wa mahakama ya jirani aliamua nini kwenye shauri linalofanana na lake. Hawezi hata kujua kama mahakimu wawili wa wilaya moja wanaamua jambo lile lile kwa namna mbili.

Hapa ndipo suala la nakala linapouma. Anayetaka kukata rufaa anahitaji nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri. Katika kesi ya jinai inayotoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio inatakiwa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi. Sheria imeona mbali: inajua nakala huchelewa, ikamlinda anayesubiri. Lakini ulinzi huo unamsaidia aliyeomba nakala kwa maandishi na kutunza uthibitisho. Aliyekwenda kaunta akaambiwa kwa mdomo "njoo wiki ijayo", akaja, akaambiwa tena, hana cha kuonesha. Karani hakuandika popote kwamba alikuja.

Kwenye rufaa za madai zinazokwenda Mahakama ya Rufani, Msajili hutoa cheti kinachoeleza siku zilizotumika kuandaa nyaraka, ili ziondolewe kwenye hesabu ya siku 60. Rufaa zimetupwa kwa sababu cheti hicho kilikosewa tarehe, au kwa sababu waraka mmoja haukuwamo kwenye kitabu cha rufaa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yalizitaka mahakama kutazama haki ya msingi kuliko ufundi, na yamepunguza ukali huo. Hata hivyo mtu aliyeshindwa shamba, akasubiri nyaraka miaka miwili, kisha rufaa yake ikaondolewa kwa kosa la tarehe ambayo hakuiandika yeye, ana haki ya kuona kwamba amehukumiwa na kabati la mafaili.

Na kuna majalada yanayopotea kabisa. Mahakama ya Rufani imewahi kukutana na rufaa za wafungwa ambazo mwenendo wa shauri haupatikani, ikalazimika kuagiza jalada lijengwe upya kwa kuokoteza nakala polisi, kwa waendesha mashitaka na magereza. Fikiria uzito wake: mtu yuko gerezani kwa nguvu ya maandishi ambayo dola imeyapoteza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kinachopotea ni miaka ya mtu.

Mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri ambao Mahakama imekuwa ikiuimarisha umepunguza hatari hiyo kwa mashauri mapya. Mashauri yanafunguliwa kwa mtandao, orodha ya mashauri ya siku inapatikana bila kusimama mbele ya ubao, na jalada linaacha alama kila linapoguswa. Kwa mawakili imekuwa nafuu kubwa. Kwa asiye na wakili, mfumo huo umeongeza mlango mmoja mbele ya mlango: sasa anahitaji mtu wa steshenari mwenye kompyuta amfungulie shauri, na mtu huyo hana leseni wala kiapo cha kutunza siri. Ndoa za watu na madeni yao yanabaki kwenye kompyuta ya steshenari. Mahakama zenye vyumba vya msaada wa kisheria zingeweza kuiondoa aibu hiyo kwa kuweka dawati lenye msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Polisi ni habari nyingine, na ni lazima kuwa mwangalifu, kwa sababu si kila kitu cha polisi ni cha kusomwa na kila mtu. Jalada la upelelezi likianikwa, mtuhumiwa anakimbia na shahidi anatishwa. Lakini kati ya jalada la upelelezi na raia kuna vitu ambavyo ni vyake moja kwa moja. Anayeripoti tukio ana haki ya kupewa RB, ile namba inayothibitisha kwamba taarifa yake imeandikwa. Aliyejeruhiwa ana haki ya fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Aliyepotelewa na kitambulisho au cheti anaweza kupata taarifa ya upotevu kwa mtandao bila kwenda kituoni, nayo ni huduma inayofanya kazi na inayostahili sifa. RB na PF3 haziuzwi. Jeshi la Polisi lenyewe limesema hivyo mara nyingi, na bado wapo wananchi wanaoombwa "hela ya karatasi" wakiwa na damu usoni.

Kinachowaumiza walalamikaji zaidi ni kinachofuata baada ya RB. Mtu ameibiwa bodaboda yake Mabibo. Amepewa namba. Anarudi baada ya mwezi, anaambiwa mpelelezi amehamishwa. Anarudi tena, anaambiwa jalada limekwenda kwa mwanasheria wa serikali. Akienda ofisi ya mashitaka, anaambiwa jalada lilirudishwa kituoni na maelekezo. Hakuna anayesema uongo labda, ila hakuna karatasi hata moja anayopewa inayosema jalada lilitoka tarehe gani, likaenda wapi, na nani alilipokea. Habari hiyo haiharibu upelelezi wowote. Kampuni ya mabasi inayosafirisha kifurushi kutoka Ubungo hadi Mwanza humtumia mteja ujumbe wa simu kifurushi kikifika, na mlalamikaji wa kosa la jinai anastahili angalau kiasi hicho.

Zana ya kisheria ipo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuandika maombi kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itoe sababu. Sheria hiyo ina kasoro zake: inamhusu raia peke yake, orodha ya taarifa zilizozuiwa ni pana, na adhabu kwa anayetoa taarifa iliyozuiwa zinamtisha hata ofisa mwenye nia njema. Lakini hata hicho kidogo hakitumiki. Watu hawaandiki barua. Wanakwenda kaunta, wanabembeleza, wanarudi nyumbani na hasira. Barua moja ya nusu ukurasa, yenye tarehe, inayotaja sheria hiyo na taarifa inayotakiwa, ikapigwa mhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala anayobaki nayo mwombaji, hubadilisha mazungumzo. Karani anajua kwamba siku zimeanza kuhesabiwa.

Wapo wenye hofu ya upande wa pili, nayo si ya kupuuzwa. Ukifungua kila daftari, matapeli wa viwanja watachota majina ya marehemu, na waume wakorofi watatafuta anwani za wake waliowakimbia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilitungwa kwa sababu kama hizo, na tume yake ipo kazini. Lakini ulinzi wa taarifa binafsi ni ngao ya mwenye taarifa. Ofisi inapoitumia kumnyima binti cheti cha kifo cha baba yake mzazi, au kumficha mlalamikaji hatua ya shauri lake mwenyewe, imeigeuza ngao kuwa komeo. Hukumu za makosa ya kujamiiana zinaweza kuchapishwa kwa kuficha jina la mtoto aliyedhulumiwa, na mahakama zimekuwa zikifanya hivyo. Njia ya kuchuja inajulikana.

Tena nchi hii ina mifano ya rekodi zilizo wazi kwa makusudi na ambazo hazijaleta maafa. Wanaotaka kufunga ndoa hutoa notisi siku 21 kabla, na notisi hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Anayetaka kununua kiwanja chenye hati hulipa ada na kufanya upekuzi kwenye daftari la ardhi, aone nani ni mmiliki na kama kuna rehani. Wanaoruka hatua hiyo ndio wanaolizwa na matapeli. Uwazi wa daftari la ardhi umewalinda wanunuzi wengi kuliko ambavyo usiri ungewalinda wamiliki.

Na pale Upanga, mtaa wa Vijibweni, kwenye Nyaraka za Taifa, mtafiti akifuata taratibu anaweza kuletewa mezani faili la utawala wa Wajerumani lililoandikwa kabla ya 1914. Sheria ya mwaka 2002 inasema kumbukumbu za umma hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Watu wa pale wametunza karatasi za utawala ulioondoka zaidi ya miaka mia iliyopita, wakaziorodhesha, wakazipa namba, na mtu akiomba faili anajua atalipata saa ngapi. Kwa hiyo ujuzi wa kutunza na kutoa upo ndani ya utumishi wa umma wa Tanzania. Haujafika kwenye chumba cha majalada cha mahakama ya mwanzo.

Pa kuanzia pasitafutwe mbali. Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mashauri ya familia kilichoanza kazi mwaka 2021, ambako mirathi na ndoa za jiji zinasikilizwa na ngazi zote, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, chini ya paa moja. Jengo lina kompyuta na wataalamu, na mashauri yake ndiyo yale yanayowahangaisha wajane. Maamuzi yake ya ngazi ya mwanzo yangeanza kuingizwa TanzLII, majina ya watoto yakiwa yamefichwa. Daftari la vifo la RITA lingesomwa moja kwa moja na hakimu kwenye skrini yake, mfiwa asidaiwe tena kuthibitisha cheti ambacho serikali inacho. Kila anayeomba nakala angepewa stakabadhi yenye tarehe ya kuomba na tarehe ya kuja kuchukua, na karani akikosa tarehe hiyo aandike sababu kwenye stakabadhi ile ile na kusaini jina lake. Kwa hatua hiyo ya mwisho hakuna sheria mpya inayohitajika wala mkopo wa benki yoyote ya maendeleo. Waraka wa Msajili wa Mahakama unatosha, na kitabu cha stakabadhi.